Kuzunguka Annapurna kwa baiskeli: hesabu mahali pa kulala, si kilomita

Anayepanga kwa mara ya kwanza safari ya baiskeli ya milimani katika safu ya Himalaya kwa kawaida huanza kwa kupima umbali, kisha huugawanya kwa siku zake za likizo, na hapo ndipo mpango wake unapoharibika. Katika njia inayoizunguka milima ya Annapurna, nchini Nepal, umbali ni jambo la mwisho kuhesabiwa. Kinachotawala safari nzima ni mwinuko wa mahali utakapolala kila usiku. Maelezo mengi ya njia hii yameandikwa kwa ajili ya watembea kwa miguu, ilhali mwenye baiskeli anakabiliwa na hatari ambayo kwao ni ndogo: anaweza kupanda upesi kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea.

Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, uwe ufukweni au kileleni. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni mgandamizo wa hewa yenyewe, na katika mita 5,400 mgandamizo huo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kwa hiyo kila pumzi huingiza mapafuni karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea, na mwinuko mdogo ambao kwingine ungeupanda huku ukizungumza unakulazimisha kushuka na kusukuma. Mwili huzoea hali hiyo, lakini kwa taratibu zake wenyewe, na mazoezi uliyofanya kabla ya safari hayaharakishi chochote. Kijana mwenye misuli ya mashindano hupatwa na ugonjwa wa mwinuko kama mtu mwingine yeyote, na mara nyingi huchelewa kuutambua kwa sababu hataki kuamini kwamba kichwa kinamuuma kwa sababu hiyo. Ushauri wa kitabibu unaotumika sana ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pale pale usiku wa pili. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi usiku urudi chini.

Kwa kipimo hicho, njia yenyewe inaanza kusomeka. Besisahar, mahali pa kawaida pa kuanzia, iko karibu mita 760. Chame iko karibu mita 2,670, Manang mita 3,540, na kipito cha Thorong La, yaani pengo la kuvukia mlima, ambacho ndicho kilele cha safari, kiko mita 5,416. Muktinath, upande wa pili wa kipito, iko karibu mita 3,800. Ukiitazama orodha hiyo utaelewa kwa nini karibu kila mtu huizunguka milima hii kinyume cha mwendo wa saa. Upande wa mashariki unapanda kidogo kidogo na una vijiji vyenye nyumba za wageni kila baada ya saa chache, ilhali anayetoka Muktinath anatakiwa kupanda zaidi ya mita 1,600 kwa mkupuo mmoja, bila kituo cha maana cha kulala katikati. Sioni sababu yoyote ya kwenda kinyume na desturi hiyo kwa baiskeli.

Siku hizi barabara ya magari, mbovu na yenye mawe, inafika hadi Manang, na wauzaji wa safari huwashawishi wageni wapakie baiskeli kwenye jipu ili waokoe siku. Siipendi biashara hiyo. Gari linaweza kukutoa chini ya mita 1,000 na kukulaza juu ya mita 3,500 siku hiyo hiyo, na siku unazodhani umeziokoa utazilipa kitandani. Nakubali kwamba sehemu ya chini, kati ya Besisahar na Chame, ina vumbi, joto na magari, na anayeipanda kwa jipu hakosi mengi. Kuanzia Chame kwenda juu, hata hivyo, ni afadhali kuendesha.

Baada ya Pisang njia inagawanyika. Barabara inafuata sakafu ya bonde na inaendesheka vizuri. Njia ya juu inapanda ghafla hadi kijiji cha Ghyaru kwa kona za kupinda na kupindua ambazo hakuna anayeziendesha, kisha inaambaa ubavuni hadi Ngawal kabla ya kuteremka bondeni tena. Mimi ningechagua ya juu. Utasukuma baiskeli kwa muda mrefu, lakini kipande kinachofuata kinaendesheka kwa raha, ukiitazama milima ya Annapurna II na Gangapurna ng'ambo ya bonde, na tena utalala Ngawal, juu kidogo ya Manang. Ukifika Manang mwili utakuwa umeanza kutulia. Papo hapo Manang, kaa usiku wa pili. Chama cha Uokoaji cha Himalaya, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina kituo cha afya pale ambacho madaktari wake, katika msimu wa watalii, hutoa maelezo ya ugonjwa wa mwinuko kila siku. Hata aliyeyasikia mara nyingi hapotezi kitu kukaa na kusikiliza.

Juu ya Manang uendeshaji unapungua, ubebaji unaongezeka. Hadi kituo cha Yak Kharka bado utakuwa kwenye tandiko kwa vipande virefu, lakini kutoka Thorong Phedi, kituo cha kulala kilicho chini ya kipito, kwenda kwenye kipito chenyewe baiskeli itakaa mgongoni au mkononi, na ni vizuri kulijua hilo mapema kuliko kulaumu njia. Jifunze ukiwa nyumbani namna ya kuilaza fremu mabegani bila pedali kukuchoma. Wengi huondoka Phedi kabla ya alfajiri, kwa sababu upepo wa kipitoni huwa mkali asubuhi inapoendelea. Hali ya hewa isichukuliwe kwa wepesi hata katika miezi inayosifiwa. Oktoba 2014, katikati ya msimu bora, mabaki ya kimbunga Hudhud yalileta theluji nzito katika eneo hili na kuua zaidi ya watu 40, wageni pamoja na wenyeji. Mbingu zikianza kufunga, rudi Phedi.

Mwinuko unaigusa baiskeli pia. Tairi iliyojazwa upepo usawa wa bahari itakuwa ngumu zaidi kipitoni, kwa sababu hewa ya nje inayoibana imepungua. Tofauti inakaribia paundi 7 kwa inchi ya mraba, na baridi hufidia sehemu yake tu. Kwenye tairi pana inayoendeshwa kwa upepo mdogo, kiasi hicho kinatosha kukunyima mshiko kwenye changarawe. Punguza upepo kabla ya kuteremka, kisha beba pampu ya kuurudisha ukifika chini. Breki ndizo zinazostahili hofu zaidi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na kati ya Thorong La na Muktinath kuna mteremko wa mita 1,600 wenye mawe yaliyolegea, unaoendeshwa na mtu aliyechoka na mwenye vidole vya baridi. Hewa nyembamba hupoza diski za breki polepole kuliko hewa ya chini. Usiishike breki mfululizo. Ibane kwa nguvu, iachie, na usimame mara kwa mara. Beba pedi za akiba, za chuma ikiwezekana, kwa kuwa vumbi la upande ule hula pedi laini haraka.

Muktinath ndipo uendeshaji wenyewe unapoanza, na hapa natofautiana na wanaokichukulia kipito kuwa kilele cha kila kitu. Mustang ya chini, eneo unaloingia hapo, iko nyuma ya milima inayozuia mvua, ardhi yake ni kavu, udongo umeshikana, na njia za kale za miguu zimechorwa kwenye miteremko mitupu ambako unaona mbele mita mia kadhaa. Njia inayokatiza kilima kutoka Muktinath hadi kijiji cha Lupra inajulikana sana miongoni mwa waendeshaji, nami naipa nafasi ya kwanza katika mzunguko wote. Ina kona kali juu ya korongo, kwa hiyo anayesumbuliwa na kizunguzungu afuate barabara ya Kagbeni. Ukikutana na nyumbu wa mizigo, shuka, simama upande wa mlima na uwaache wapite, maana mzigo wao unaweza kumsukuma mtu hadi bondeni.

Kinachofuata ni upepo wa bonde la Kali Gandaki, lililopita kati ya Dhaulagiri na Annapurna, milima miwili inayozidi mita 8,000. Jua likichoma nyanda za juu za kaskazini, hewa ya huko hupanda, na bonde huvuta hewa ya kusini kama bomba la moshi. Upepo huanza kabla ya adhuhuri na huvuma hadi jioni, na ndiyo sababu ndege za Jomsom, mji ulio bondeni humo, huruka asubuhi tu. Wewe unaelekea kusini, kwa hiyo upepo unakupiga usoni, pamoja na mchanga. Ondoka Kagbeni au Jomsom kunapopambazuka na uwe umefika mbali ifikapo saa nne asubuhi.

Kuhusu vibali, utahitaji kile cha kuingia Hifadhi ya Annapurna, na tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal imeagiza wageni wanaosafiri kwa miguu katika maeneo kama haya wawe na mwongozaji mwenye leseni. Tafuta anayeendesha baiskeli mwenyewe, kwa sababu mwongozaji wa miguu atakupangia vituo kwa mwendo wake, na kuanzia Muktinath mtapishana vibaya. Wengi hupanda ndege Jomsom. Mwenye siku ya ziada aendelee hadi Tatopani, karibu mita 1,200, kwenye mabwawa ya maji moto, akipitia Marpha na mashamba yake ya matufaha.