Matundu kwenye sakafu ya kirikuu

Kila mteja mpya pale Paje huniuliza lile lile: "Bibie, mbona gari lako limetobolewa chini?" Leo naandika, nipumzishe mdomo.

Mie natoka Fuoni alfajiri, nikishasali. Nyuma ya kirikuu, kigari changu cha kuuzia chai na chapati, kuna jiko la plata mbili, meza ya kusukumia chapati, friji dogo la betri na mtungi wa kilo 15. Fundi aliyenitengenezea bodi alinikatia dirisha kubwa ubavuni, akanambia, "Hapa gesi yote itatoka dada, usiwe na wasiwasi." Nikamwamini. Dirisha lenyewe zuri, lina na kibaraza cha vikombe.

Msimu wa kusi uliopita siku moja nimefika ufukweni, nimefungua mlango wa nyuma, sikusikia kitu. Nikainama kuokota kijiti cha kusukumia kilichobiringika njiani. Harufu ikanipiga, kama kabichi iliyovunda. Nikasimama: hakuna. Nikainama tena: ipo. Gesi ilikuwa imelala sakafuni kama maji kwenye beseni, na dirisha langu zuri liko juu yake, usawa wa kifua.

Mpwa wangu keshanyoosha mkono awashe taa ya nyuma. Nilimpigia ukelele mpaka wavuvi wakageuka. Nikafunga mtungi, ambao bahati uko karibu na mlango, nikaacha milango wazi, tukaenda kukaa chini ya mnazi. Friji nililiacha kama lilivyo, maana hata kuchomoa waya hutoa cheche.

Kosa lilikuwa langu. Mpira wa gesi ulikuwa unapita kwenye ncha ya chuma cha meza. Matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa magari yasigonge kima punju, yakiutingisha kila siku kwenda na kurudi, mpaka ukachubuka. Na mie nikisafiri nilikuwa nafunga vifungo vya jiko tu, mtungi nauacha wazi. Uvivu. Vidole vina mafuta, kifungo kigumu.

Juma lile akaja Mjerumani mmoja, mnunuzi wangu wa chai ya maziwa, ambaye kwao ana gari la kulala ndani, lenye jiko na friji la gesi. Nikamsimulia, akacheka kwa huruma. Kwao mtungi hukaa kwenye kabati lake peke yake, mlango wake unafunguka nje, na chini ya kabati pana tundu wazi. Gesi ya mtungi, ikiwa propani au butani, ni nzito kuliko hewa, hutafuta chini. Yeye hutumia propani tupu kwa ajili ya baridi, kwa kuwa butani ikifika nyuzi 0 inagoma kugeuka mvuke, na propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwetu hilo halituhusu. Tundu ndilo lilinihusu.

Nikarudi kwa fundi. Alibisha kweli kweli, ati nitaozesha bodi kwa chumvi. Nikamwambia bodi naweza kununua jengine. Akatoboa manne, moja chini ya mtungi wenyewe. Mtungi sasa umefungwa kwa mkanda, umesimama wima, kwa sababu ukilala kinachotoka ni gesi ikiwa bado majimaji, na lita moja yake ikienea hewani inakuwa zaidi ya lita 200. Mpira mpya haugusi chuma popote, na kila Ijumaa naupaka povu la sabuni kwenye maungio, naangalia kama linatoa mapovu.

Turubai la kuzuia kusi silishushi lote tena. Nilikuwa nikilishusha nikidhani kichwa kinaniuma kwa njaa, kumbe ni moshi usionuka wa jiko lililokosa hewa.

Sasa mchanga wa Paje unaingia kwa chini. Nimeweka wavu wa chuma, lakini ule mweupe laini unapita tu, na mpwa wangu kila jioni anafagia huku ananung'unika.