Kumbe wezi wako chini ya udongo

Jamani saladi zangu zilikuwa zinanyauka kila mchana, mi namwagilia tu nikidhani ni kiu, kumbe wapi! Juzi nikang'oa shina moja nikakuta mizizi imejaa unga mweupe kama ukungu, kuangalia vizuri unga wenyewe unatembea... vidukari wa mizizi hao, vidogo, vinene, vimejifunika nta na vinafyonza utomvu taratibu. Na sisimizi nao wamo, wanavilinda kama mifugo ili walambe ule utamu vinaotoa. Tena majike yanazaa bila hata dume, sasa utavimaliza lini? Dawa ya kupuliza majani haivifikii huko chini. Nimeng'oa zote zilizoshikwa, na msimu ujao hapo sipandi saladi ng'o.