Chumvi Haigandi ya Kwanza

Kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvichumvi, na karibu asilimia 86 ya uzito huo ni kloridi na sodiamu, viambato vya chumvi ya kula. Hata hivyo, katika mabwawa ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo, ambako jua ndilo linalokausha maji, chumvi ya kula haigandi ya kwanza: hutanguliwa na kalisiamu kaboneti (madini ya chokaa), kisha jasi (madini ya plasta), na chumvi yenyewe husubiri hadi maji yabaki takriban sehemu moja ya kumi. Mvunaji asiye na pupa humwaga maji yanayosalia, kwa kuwa yamejaa magnesiamu, ambayo huifanya chumvi iwe chungu na ivute unyevu hata gunia likalowa. Mimi huchagua ya chembe kavu, isiyonata vidoleni.