Silinda ya Tatu

Gari langu la kwanza lilikuwa Volkswagen Beetle yenye mgongo wa kobe, injini yake ikiwa nyuma na ikipozwa kwa upepo wa feni badala ya maji. Nilikuwa kijana, nimejifunza ufundi kwa kushika taa na kumpa fundi spana, na niliamini kwamba kulirejesha gari la zamani katika hali yake ni kazi ya kutoa kilichochakaa na kutia kipya. Tangu hapo yamepita mikononi mwangu magari tisa, na imani hiyo sinayo tena.

Niliipoteza kwa sababu ya silinda ya tatu. Nilipokuwa nikipima muda wa cheche, niliona kwamba silinda hiyo inawashwa kwa kuchelewa digrii chache kuliko zile nyingine. Nikahukumu kwamba distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda, imelika, nikaing'oa na kufunga ya aina nyingine, iliyowasha silinda zote kwa usawa. Injini ilinguruma vizuri mno. Miezi michache baadaye, nikipanda mlima na mzigo, nilisikia chuma kikigonga chuma, kisha kimya. Tuliposhusha injini tulikuta kichwa cha valvu ya kutolea moshi kimekatika na kutoboa pistoni, na silinda yenyewe ilikuwa ile ile ya tatu.

Fundi mzee aliyeitazama ndiye aliyenifumbua macho. Katika injini hizo kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, kwenye njia ya upepo unaokwenda upande wa silinda ya tatu, kwa hiyo silinda hiyo hupata upepo mchache na ambao tayari una joto. Watengenezaji walilijua hilo na kuichelewesha cheche yake makusudi ili isichemke kupita kiasi. Ilikuwa hadi modeli za mwaka 1971 ndipo walipokisogeza kipoza hicho kikapata njia yake ya upepo. Mimi niliondoa dawa nikidhani naondoa ugonjwa. Tangu siku hiyo sifungui nati kabla sijajiuliza aliyeifunga alikuwa na sababu gani, na kwangu mimi swali hilo ndilo linalomtenga mrejeshaji wa magari na mbadilishaji wa spea.

Swali hilo hilo niliingia nalo chini ya Land Rover. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Watu husema kwamba haishiki kutu, nami huwasikitikia wanunuzi wanaoishia kuitazama bodi, kwa kuwa chesi, yaani fremu iliyo chini yake inayobeba gari zima, ni ya chuma, ina uwazi ndani kama boksi, na huliwa kutoka ndani kuja nje mahali ambapo jicho halifiki. Mimi huigonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, nikitega sikio: penye uzima hulia, na penye kutu sauti huwa butu kama ya ubao mbichi. Katika ile niliyoinunua nikiwa na umri wa miaka 40, sauti ilibadilika karibu na springi ya nyuma. Nikasukuma bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Chini ya rangi nyeusi palikuwa na puti, na chini ya puti magazeti yaliyokunjwa na kushindiliwa kwenye tundu. Sijawahi kukasirishwa na kazi ya mtu kama siku ile, maana hapo ndipo panapobeba uzito wa gari na watu waliomo. Tulikata mpaka tukafikia chuma safi, tukachomelea bamba jipya, na kipande hicho kimoja kilituchukua wiki sita.

Citroën DS, gari lililoingia sokoni mwaka 1955, nililishughulikia mara moja tu, nikimsaidia rafiki. Za awali hutumia mafuta mekundu ya haidroliki na za baadaye ya kijani, sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, hazifanani, na ukitia yasiyo yake umeziharibu sili hizo, breki na usukani vikiwemo.

Rangi ya asili huwa siigusi ikiwa bado inaishikilia bodi, hata kama imepauka. Pale ilipolika kwenye ukingo wa dirisha ndipo kiwiko cha dereva wa kwanza kilipoegemea, na hakuna mpiga rangi anayeweza kunirudishia hapo.

Beetle bado ninayo. Kila baada ya kilomita 5,000 huamka mapema, kwa kuwa valvu zake hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, nikalala chini ya bampa ya nyuma na kuingiza kijibamba cha milimita 0.15 kati ya skrubu na shina la valvu. Kikipita kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka ndani ya kitabu kilichofungwa, hukaza nati. Silinda ya tatu huipima mara mbili.