Weka Kwenye Mkunjo

Patani ya dukani, ile karatasi ya kukatia nguo, hukupa nusu ya mtu. Nusu ya mbele, yenye maneno "weka kwenye mkunjo" ubavuni. Upande mmoja wa mgongo. Mkono mmoja, ukate miwili. Unakunja kitambaa, unalaza ile nusu juu yake, unakata, unakunjua, na mtu anakamilika, kulia na kushoto pacha. Ni werevu, sikatai. Karatasi inapungua na kazi inakwenda upesi. Tatizo ni kwamba mimi sina kulia na kushoto vya namna hiyo. Uti wangu wa mgongo ulianza kupinda nikiwa msichana. Bega la kulia limeshuka, nyonga ya kushoto imepanda. Daktari aliufuatilia miaka kadhaa akasema umetulia, hauzidi, niendelee na maisha yangu. Nimeendelea. Nguo ndizo zilizokataa kutulia.

Kabla sijapata cherehani yangu nilikuwa nashonewa na mafundi, na karibu kila mmoja aliponizungushia futi kifuani alikuwa na neno lile lile: "Simama wima, dada." Nimesimama. "Nyooka kidogo." Ndiyo kunyooka kwenyewe huko. Mmoja wao alinitilia pedi nene kwenye bega moja bila kuniambia, nikaigundua nyumbani nilipokuwa nalivua gauni. Niliifumua usiku ule ule kwa wembe. Si kwamba alikosea kitaalamu, maana pedi ni dawa inayojulikana. Kilichonikera ni kuamuliwa nifichwe bila kuulizwa.

Nilipoanza kujishonea nilifanya ujanja wangu mwenyewe: lastiki kiunoni, mikono mipana, vitu vya kuning'inia. Nguo pana haiulizi maswali. Halafu kazini nikateuliwa kusimama mbele ya ukumbi na kutoa maelezo, nikaona nataka gauni la kukaa mwilini, lenye mshono kiunoni, zipu katikati ya mgongo na mikono mifupi iliyotiwa kwenye kwapa sawasawa. Nikanunua patani.

Bahasha ilikuwa na jedwali nyuma. Namba 14: kifua sentimita 92, kiuno 71, nyonga 97. Kifua na nyonga zangu ziliangukia hapo hapo, ila kiuno changu kilikuwa 76, na hicho ni cha namba 16. Mtu aliyezoea namba za nguo zilizoshonwa tayari akiambiwa yeye ni 14 hushtuka, wakati mwingine hata hununa. Lakini viwanda vya nguo vimekuwa vikishusha namba zao kadiri miaka inavyokwenda ili mnunuzi afurahi mbele ya kioo, na patani hazikuwafuata huko. Mimi namba sikuijali. Karatasi ilikuwa imechapwa saizi kadhaa pamoja, mstari ndani ya mstari, kwa hiyo nilifuata 14 kutoka kwapani, nikatoka taratibu hadi mstari wa 16 kiunoni, nikarudi 14 kwenye nyonga. Kwa wenye mwili ulio sawa pande zote, kazi ya kurekebisha mara nyingi huishia hapo, na huitwa kazi kubwa!

Sikumlaumu aliyechora. Biashara hii tangu mwanzo ni ya kumkatia nguo mtu usiyemwona. Aliyeanza kuuza patani za karatasi zilizopangwa kwa saizi ni Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Sterling, Massachusetts, mwaka 1863. Inasimuliwa kuwa mkewe, Ellen, ndiye aliyemtia wazo hilo kwa kulalamika kuwa hapati patani ya kumtosha mtoto. Zile za mwanzo hazikuwa zimechapwa maelezo juu yake. Zilitobolewa vitundu tu, na mshonaji alipaswa kujua kitundu kipi ni dati, yaani pindo la kubana nguo ifuate mwili, na kipi ni mwelekeo wa uzi. Ukiwa unawatumia watu karatasi kwa posta, hujui bega la nani limeshuka, na ungejua usingeweza kufanya lolote. Basi unachora nusu moja iliyo safi, mengine unamwachia mwenye mwili.

Na mwenye mwili peke yake hawezi. Hili nililijua tayari. Ukiwa na bega lililoshuka na unataka kulitilia pini mwenyewe, lazima unyanyue mkono, na ukinyanyua mkono bega linapanda. Kioo hakisaidii, kupiga picha kwa simu hakusaidii sana. Nikampigia mdogo wangu.

Mdogo wangu hashoni. Kifungo kikimtoka anakitia kwenye droo na kuhamia blauzi nyingine. Lakini ana jicho, na hana adabu ya kupindisha maneno, na mambo hayo mawili ndiyo niliyoyahitaji. Alipofika nilikuwa nimeshakata nguo ya majaribio kwa marekani, na kabla ya kukata nilikuwa nimechora kwa kalamu ya wino mistari ya kulala, mmoja kifuani, mmoja nyongani, yote kwa rula, yote ikifuata uzi wa mshindio, ule unaokwenda kwa upana wa kitambaa. Mistari hiyo ni ya bure na inasema mengi kuliko kioo. Kitambaa kikining'inia sawasawa, mistari inakwenda sambamba na sakafu.

Nikavaa, akanifunga mgongoni kwa pini, akarudi nyuma hatua chache.

"Dada, simama vizuri."

"Nimesimama."

"Basi mstari umeuchora vibaya."

"Niliuchora mezani, kwa rula."

Akanyamaza. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akachuchumaa. Kisha nikamsikia anacheka kwa pua. "Aa! Kumbe gauni halijapinda. Umepinda wewe."

Nilicheka mpaka pini zikanichoma kiunoni. Miaka yote ya mafundi na pedi zao na "nyooka kidogo", na hakuna aliyewahi kulisema jambo lilivyo, kwamba nguo iko sawa na mwili una umbo lake. Nilimwambia, "Haya, usininyooshe. Pini zinifuate mimi."

Tulianza na kupima. Alisimamisha rula ndefu sakafuni na kusoma urefu hadi mstari wa nyonga, kushoto kisha kulia. Kushoto ulikuwa juu zaidi kwa sentimita 2 na nusu. Nilidhani ni nyonga tupu. Lakini nguo hii ilikuwa imeunganishwa kuanzia begani hadi magotini, na nguo ya namna hiyo hutundikwa begani, kwa hiyo kosa la juu hushuka hadi chini. Nikamwambia aanze juu. Palikuwa na mikunjo ya mshazari iliyotoka shingoni na kuishia kwapani upande wa kulia. Mikunjo ya namna hiyo ni ya bega lililoshuka: kitambaa hakikukuta kitu cha kukibeba, kikaanguka. Alibana kitambaa kwenye ncha ya bega, karibu na mkono, akiacha shingoni kama palivyo, akaongeza kidogo, akapunguza, mpaka ile mikunjo ikafutika mbele ya macho yake. Alipiga kelele ya furaha kana kwamba amezima moto. Alichobana kilikuwa sentimita 1 na nusu. Tukapima tena nyongani, tofauti ikabaki sentimita 1. Hiyo sasa ndiyo ilikuwa ya nyonga.

Ya nyonga tuliitafutia njia nyingine, kwa sababu pale kitambaa kilikuwa hakitoshi. Nyonga iliyopanda ilikuwa inakinyanyua. Nilimwambia afumue mshono wa kiuno upande wa kushoto. Aliogopa, maana kwa asiyeshona kufumua ni kuharibu, na kwa anayeshona ni nusu ya kazi. Alipokata nyuzi, sketi ilishuka yenyewe, pengo likajitokeza ubavuni na kwenda likipungua hadi kufa upande wa pili. Tukaliziba kwa kipande cha marekani na pini. Mstari wa nyonga ukalala.

"Sasa mbona huonekani umepinda?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Kurudisha yale yote kwenye karatasi ndiko kulikonichosha. Nusu ya mbele haikunifaa tena. Nilichukua karatasi pana, nikaikunja, nikainakili ile nusu, nikaikunjua, na kwa mara ya kwanza nikawa na patani yenye kifua kizima, bega huku na bega kule. Hapo ndipo ukaja mzozo wa kulia na kushoto. Ukiitazama karatasi iliyolala mezani, bega lako la kulia liko upande wako wa kushoto, kwa sababu karatasi inakutazama wewe. Vipande vya mgongo ni kinyume chake, vinakupa mgongo. Na ukiivaa nguo ya majaribio ndani nje, ili mishono iwe karibu na pini, kila kitu kinageuka tena. Mdogo wangu alilikata shauri kwa kalamu nyekundu: aliandika juu ya kila kipande "HUKU KULIA KWA DADA", mshale na kila kitu, na upande wa nyuma wa karatasi akaandika "USIKATE HUKU". Patani hiyo ninayo bado na maandishi yake.

Bega la kulia nililishusha kwa sentimita 1 na nusu kwenye ncha, sifuri shingoni. Tundu la mkono nalo nikalishusha chini kwapani kwa kiasi kile kile. Watu wengi huliruka hili la pili. Ukikata bega peke yake tundu la mkono linapungua, na mkono uliochorwa kulingana na tundu la zamani hauingii. Na mkono wenyewe tayari huwa na ziada yake. Kichwa cha mkono hukatwa kirefu kuliko tundu kwa sentimita kadhaa makusudi, ili kizunguke mviringo wa bega. Unapiga mishono miwili mirefu ya cherehani, unavuta uzi kidogo kidogo, unapapasa kwa mvuke wa pasi mpaka ile ziada inywee bila kuacha vikunyanzi. Alama za pembeni, moja mbele na mbili nyuma, zinakwambia mkono upi ni wa wapi.

Kitambaa nilichokuwa nimekiweka kwa gauni hilo kilikuwa pamba yenye mistari ya kulala, buluu na nyeupe. Mtu yeyote mwenye busara angenishauri nichague cheusi kitupu. Mimi nilitaka mistari kwa sababu ile ile iliyonifanya niichore kwenye marekani: kama hesabu ni sahihi italala, kama si sahihi kila mtu ukumbini ataona. Nilikikata bila kukunja, tabaka moja, uso juu, kipande kimoja kimoja, nikitafuta mstari mweupe uanguke palepale ubavuni mbele na nyuma. Kukata namna hii kunakula kitambaa. Makadirio ya kwenye bahasha yanahesabu mkunjo, na mistari ya kuoanisha nayo ina kodi yake, hivyo nilikuwa nimenunua zaidi tangu mwanzo. Sehemu moja tu haikukubali: kiunoni upande wa kushoto, pale tulipoongeza, mistari ya sketi ilikutana na mshono kwa mshazari kidogo. Nikashona mkanda mwembamba wa kitambaa kile kile, nikaukata mshazari kabisa ili uonekane umekusudiwa, nikaupitisha juu ya mshono. Wengine wakauona ndio urembo wa gauni.

Siku ya kulijaribu likiwa limekamilika mdogo wangu alikuja na rula bila kuitwa. Alipima kutoka sakafuni hadi pindo, kushoto, kulia, mbele, nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mkaguzi. Kisha akasimama mbele ya kioo changu, akajivuta, akajitazama begani.

"Na mimi nishonee. Mimi hutapata shida, mimi nimenyooka."

Nikamgeuza, nikamwambia aachie mikono. Nikampima kutoka kwenye mfupa wa shingo hadi ncha ya bega, nikashuka kutoka ncha ya bega hadi kiunoni, kushoto, halafu kulia. Nikarudia ili nisije nikamsingizia.

"Bega la kushoto," nikamwambia. "Limeshuka karibu sentimita moja."

"Hiyo futi yako imevutika."

"Ndiyo hiyo hiyo uliyonipimia mimi."

"Pima tena," akasema, na nikamwona kwenye kioo akilipandisha lile bega polepole.

"Simama kama ulivyo," nikamwambia, nikachukua kalamu nyekundu.