Likizo ya Jambiani tuliyoipanga kwa mwezi mwandamo

Kila niliyemuuliza kuhusu Zanzibar alinijibu habari za ofa. Chukua tarehe hizi, hoteli zimeshusha bei. Nenda katikati ya wiki, boti haijai. Wengine wakaniambia bahari ni ileile, ukifika umefika. Ushauri huo ndio uliowaharibia likizo jamaa zetu hapa Dodoma. Walikwenda pwani ya mashariki ya Unguja, watoto wakaamka na nguo za kuogelea mwilini, kufungua mlango maji hayapo. Mchanga mtupu mpaka kule mbali mawimbi yanakopasukia kwenye mwamba. Asubuhi zao zote wakazimalizia kwenye bwawa la hoteli, kana kwamba Dodoma hakuna mabwawa. Wakala aliyewauzia safari aliwaonyesha picha za maji ya buluu yaliyogusa minazi, na picha za hoteli karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Hakuwaambia neno kuhusu kupwa, yaani maji kuondoka ufuoni. Hilo liliniudhi sana, maana walikuwa wamejinyima kwa muda mrefu kupata ile safari.

Aliyenifungua macho ni bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Pangani aliyeolewa huku bara. Nilipomwambia tunakwenda Jambiani, kijiji cha pwani hiyohiyo ya mashariki, likizo ya Juni, alinyanyuka akaenda kuitungua ukutani kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za kawaida na za Kiislamu kwenye kisanduku kimoja. "Mwanangu, baharini huendi kwa tarehe ya mshahara. Angalia hapa."

Akanieleza taratibu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo bamvua: maji yanajaa kwelikweli na yanakupwa kwelikweli. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hukaribia mita 4, na ufuo wa mashariki umelala tambarare, ndiyo maana maji yanaondoka mbali vile. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Halafu akanipa siri ambayo sikuwahi kuisikia kwa wakala yeyote: siku za bamvua Unguja maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka, yanajaa saa nne au saa tano asubuhi.

Nikachukua penseli. Tukafika Unguja mapema kidogo tukakaa Mji Mkongwe, tukazunguka vichochoro mchana na jioni tukala urojo Forodhani. Huko kupwa na kujaa hakukuhusu. Tukahamia Jambiani tarehe 9 ya mwandamo, maji mafu. Watoto wakaoga baharini kabla ya chakula cha mchana. Siku zikisogea na maji yakisogea nayo, tukawa tunaoga baada ya chakula, mpaka mwezi ulipopevuka tukawa tunaingia saa kumi jioni, jua limepoa, na maji yana joto kwa kuwa yamepita juu ya mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi. Hatukupoteza hata siku moja. Kwa hilo najivunia, na sioni haya kusema.

Nyumba ya wageni niliipata kwa simu. Nilikuwa nawauliza swali moja tu: tarehe fulani maji yanajaa saa ngapi? Waliojibu kwamba bahari ipo muda wote niliwafuta. Dada mmoja alinitajia saa papo hapo bila kumuuliza mtu, nikalipia kwake. Chumba cha familia hakikufika laki moja kwa usiku. Uliza bei ya wakaazi mapema, na kwenye boti usisahau kitambulisho.

Asubuhi za bamvua, zile walizozililia jamaa zetu, kwetu zilikuwa tamu kuliko zote. Tulivaa yeboyebo kwa sababu ya miiba, tukatembea kufuata maji. Kuna mashamba ya mwani huko, vijiti vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba imevutwa kati yake, na kila baada ya shubiri kimefungwa kichane cha mwani. Kilimo hicho kimekuwapo Unguja tangu 1989 na wengi wanaokifanya ni wanawake, na bamvua ndiyo siku zao za kazi. Watoto waliwaamkia shikamoo, wakaruhusiwa kusaidia kufunga.

Mama mmoja mwenye fito ya chuma akamwita mwanangu mdogo. Akamwonyesha tundu kwenye jiwe, dogo, ambalo mimi ningelipita. Mbele yake palikuwa na lundo la makombe yaliyovunjika na maganda ya kaa. "Hayo ni mabaki ya chakula chake. Mwenyewe yumo." Akaingiza fito, akaitikisa, akasubiri. Ukatoka mkono mmoja, mwekundu wa kahawia, ukajisokota kwenye chuma, kisha wa pili. Mwanangu hakupumua. Pweza yule tulimnunua palepale, akapikwa kwa nazi usiku huo.

Saa tano hivi mama yule akatazama mwambani akasema bahari imegeuka, turudini. Msikilize mwenyeji akisema hivyo. Maji hayaji kwa mbele tu, hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, ukizubaa unajikuta umesimama kisiwani na watoto.

Juni ni mwezi wa kusi, ule upepo wa kusini unaochafua bahari, kwa hiyo panda boti ya asubuhi na ukae katikati, siti za mbele zinarusha zaidi. Ukienda Ramadhani, jua kwamba migahawa mingi nje ya hoteli hufungwa mchana. Na kama mwajiri wako hakupi nafasi ya kuchagua tarehe, achana na Jambiani na Paje, nenda Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ambako maji hayaondoki mbali na watoto wanaweza kuoga karibu saa yoyote.