Gati Kwanza, Kisiwa Baadaye: Nilivyosafiri kwa Meli na Mama Mwenye Magoti Mabovu

Magoti ya mama ndiyo yaliyopanga safari hii, si mimi. Yeye alikuwa na hamu ya miaka mingi ya kuiona Efeso anayoisoma kwenye Biblia; mimi nilitaka mapumziko ambayo sitapika wala kuendesha gari. Tukakubaliana juu ya meli ya kiangazi inayoanzia Piraeus, bandari ya Athens, inapita visiwa vya Ugiriki, inagusa Uturuki, kisha inapanda Bahari ya Adria hadi Italia. Mama anatembea vizuri kwenye tambarare. Ngazi ndizo zinazomtesa, na kuteremka kunamuuma kuliko kupanda, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waishi na mgonjwa wa magoti.

Matangazo ya utalii husifu nyumba nyeupe na machweo, lakini hayakwambii meli inasimama wapi. Kwa hiyo kabla ya kulipa nilikaa na ratiba nikauliza kuhusu kila mji: meli inafunga gatini, au inakaa nje na abiria wanashushwa kwa mashua? Kutoka pale hadi mjini ni mbali kiasi gani? Mji wenyewe uko bondeni au umepandishwa mlimani? Kwenye ratiba nyingi bandari za mashua huwekewa alama ndogo, mara nyingi ya nanga, na maelezo yake yako chini kabisa kwa herufi ambazo mama asingezisoma hata kwa miwani.

Tofauti hiyo si ndogo. Gatini unateremka kwenye daraja lenye vishikizo, taratibu, kwa mwendo wako. Kwenye mashua unashuka hadi deki ya chini karibu na maji, mlango wa ubavuni unafunguliwa, na unavuka kuingia kwenye chombo kinachopanda na kushuka na mawimbi. Mabaharia wawili wanakushika mikono kila upande, wanasubiri wimbi liinue mashua ilingane na kizingiti, ndipo wanakwambia vuka. Nilimfundisha mama mapema: fimbo nipe mimi, baharia mpe mkono mzima, si vidole, na usivuke mpaka akwambie. Bahari ikichafuka, mwenye kiti cha magurudumu anaweza kukataliwa kabisa kuvuka.

Viza nayo ilitaka akili. Ugiriki, Italia na, tangu Januari 2023, Kroatia zote zimo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Uturuki na Montenegro hazimo. Maana yake meli inatoka Schengen na kurudi, inatoka tena na kurudi tena, hata kama wewe unalala kitanda kilekile. Viza ya kuingia mara moja ingetukwamisha baada ya Uturuki. Tuliomba ya kuingia mara nyingi na tukaambatanisha ratiba ya meli ili anayesoma maombi aone sababu mwenyewe.

Kabini tulichukua ya katikati ya meli, deki za chini, karibu na lifti. Katikati na chini ndiko meli isikoyumba sana, na ni nafuu kuliko zile za juu zenye baraza. Kwenye zoezi la dharura, ambalo hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, nilimwambia mhudumu kwamba mama hawezi kushuka ngazi haraka. Aliandika jina lake na namba ya kabini. Hili watu huliona aibu na kunyamaza, lakini katika dharura lifti hazitumiki, na ile orodha ya wanaohitaji msaada ndiyo inayomtuma mtu aje mlangoni kwako. Baada ya ajali ya meli ya Costa Concordia ya Januari 2012 pale kisiwa cha Giglio, Italia, iliyoua watu 32, mimi zoezi hilo silichukulii kama usumbufu.

Kisiwa cha Mykonos, Ugiriki, hatukukiona. Kiangazi upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma Bahari ya Aegean chini ya anga safi kabisa, kwa hiyo abiria wanashangaa nahodha anapotangaza kwamba hatusimami. Wengine walinuna. Mama alishukuru Mungu, akaomba chai.

Kusadasi, bandari yetu ya Uturuki, ilikuwa upande wa pili wa mambo: meli inafunga gatini, unatoka na uko mjini. Efeso ni kama kilomita 20 kutoka hapo. Magofu yana lango la juu na lango la chini, na njia kuu ina mteremko. Kwa wengi ushauri wa kuingia juu na kutokea chini ni mzuri. Kwa mama nilijiuliza mara mbili, maana kuteremka ndiko kunakomuuma, lakini mteremko ule ni mrefu na mpole, ngazi si nyingi, na kupanda wote juani ungekuwa mzigo mwingine. Tatizo hasa ni marumaru: imesuguliwa na nyayo za karne nyingi mpaka inateleza hata ikiwa kavu. Mpira wa ncha ya fimbo ulikuwa mpya, nilikuwa nimeubadilisha kabla ya safari. Tulifika lango likifunguliwa, tukashuka Mtaa wa Curetes tukipumzika kwenye kila kivuli, hadi mbele ya Maktaba ya Celsus. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya pili, na uso wake ukasimamishwa upya miaka ya 1970 kutoka kwenye vipande vilivyokuwa vimelala chini. Mama aliitazama kidogo tu. Alichokitaka ni ule uwanja mkubwa wa maonyesho, wenye uwezo wa kuchukua watu kama 25,000, ambamo Matendo ya Mitume inasema wafua fedha wa Demetrio walizua ghasia dhidi ya Paulo kwa kuhofia biashara yao ya vihekalu vya fedha vya mungu wa kike Artemi. Alikaa kwenye jiwe, akatazama safu zile zinavyopanda. "Kumbe walikuwa wengi hivi," akasema. "Na Paulo alitaka kuingia!" Kiongozi wa kundi letu alikuwa anaita, mimi nikajifanya sisikii.

Kisiwa cha Rhodes ni rahisi. Gati linatazama kuta za mji wa kale, unatembea kidogo na kupita langoni. Angalia miguu tu, kwa sababu mitaa imetandazwa kokoto ndogo zilizosimamishwa wima, na soli nyembamba huzihisi zote.

Santorini ndiyo iliyonikosesha usingizi nyumbani. Kisiwa hiki ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na bahari iliyojaa katikati ina kina cha mamia ya mita, kwa hiyo meli kubwa hazina pa kushusha nanga kwa kawaida. Wote wanashuka kwa mashua. Bandari ya zamani iko chini ya jabali, mji wa Fira uko juu, na njia za kupanda ni tatu: ngazi zaidi ya 580, nyumbu na punda, au vibanda vya kebo, vile vinavyovutwa juu vikining'inia kwenye waya. Ngazi hazikuwa na mjadala. Kuhusu punda mama alisema, "Mwanangu, mimi simpandi. Naye ana magoti." Hakukosea sana: mwaka 2018 serikali ya Ugiriki iliweka kikomo kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Vibanda vya kebo ni vizuri na vinapanda kwa dakika chache, ila meli nyingi zikikutana siku moja, foleni yake inasimama juani muda mrefu kuliko magoti yanavyoweza.

Dawa yake niliipata kwenye ziara za meli, ambazo kwa kawaida huwa ninazikwepa kwa bei yake. Waliochukua ziara hupelekwa kwa mashua hadi bandari nyingine, Athinios, ambako basi linasubiri na kupanda jabali kwa kona zake. Hapo nililipa bila kunung'unika. Tatizo linabaki wakati wa kurudi, kwa sababu ziara nyingi humalizikia Fira na kila mtu anashuka mwenyewe kwa kebo. Sisi tulishuka mapema, watu wakiwa bado wanakula. Machweo tuliyatazama kutoka deki ya meli, tumekaa kwenye viti, na sidhani tulikosa kitu.

Kati ya Ugiriki na Montenegro saa zinarudi nyuma saa moja. Simu hubadilika yenyewe, meli hubadilisha inapotaka. Nilimvalisha mama saa ya mkononi ya zamani niliyoipanga kwa saa ya meli, na hiyo ndiyo tuliyoiamini, kwa sababu ukichelewa ukiwa kwenye matembezi yako mwenyewe, meli haikusubiri.

Kotor, huko Montenegro, nilimwamsha alfajiri, akalalamika hadi alipofika nje. Ghuba inaingia ndani kati ya milima, na mahali paitwapo Verige inabana hadi kama mita 340. Ukipita hapo unauona mji wa Perast na visiwa vyake viwili vidogo vyenye makanisa. Kivutio hicho hakidai hatua hata moja. Tulifunga gatini, mji wa kale uko ng'ambo ya barabara, tambarare na hauna magari. Ukuta wake unapanda mlimani kwa ngazi karibu 1,350, ambazo tuliziheshimu kwa mbali.

Dubrovnik, huko Kroatia, inadanganya kwenye ramani. Meli inafunga bandari ya Gruž, na mji wa kale uko kama kilomita 3, kwa hiyo panda basi, usimwamini anayekwambia ni karibu. Ukiwa ndani, mtaa mkuu wa Stradun ni tambarare. Nilimwacha mama kivulini karibu na chemchemi ya Onofrio akiwa na maji na namba yangu kwenye karatasi, nikaenda kuzunguka kuta peke yangu, mita 1,940. Niliporudi nilimkuta anazungumza kwa ishara na bibi mwingine mwenye fimbo. Walikuwa wanalinganisha magoti.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango na kuchukuliwa, kwa hiyo dawa za mama zilibaki kwenye mkoba wake, pamoja na nguo za asubuhi na pasipoti. Tuliomba kundi la mwisho la kushuka ili tusisukumwe kwenye foleni. Trieste, Italia, meli inafunga katikati ya mji, hatua chache kutoka uwanja mkubwa unaotazama bahari. Mama alishuka darajani bila kunishika, akauliza ratiba ya mwakani ina gati ngapi.